Muulize Somo: Hajawahi kunipiga, ila nikisikia pikipiki yake tumbo linanikata

Hamjambo wasomaji wangu. Mwezi uliopita kwenye ukurasa huu niliandika mistari kama minne tu, kwamba kumnunia mtu wiki nzima ili anyooke ni kumpiga bila fimbo, afu nikaendelea na mambo yangu ya harusi na vigodoro. Kumbe nimetonesha vidonda vya watu. Meseji zimekuja mpaka mhariri akaniuliza umeandika nini safari hii. Nimechagua tano. Majina nimeyatoa na vitu vidogovidogo nimevibadilisha ili mwandishi asije kutambulika na mtu wake, maana najua magazeti yanasomwa na wote wawili.

Shikamoo Somo. Naishi Mbagala, nina miaka 31, watoto wawili na ndoa ya miaka sita. Mume wangu hajawahi kuninyooshea mkono hata siku moja, hanywi, kodi analipa yeye na ada analipa yeye, ndo maana nikimwambia mama yangu ananijibu sasa unatafuta nini tena. Tatizo ni kununa. Juzi kati hapa alinipa elfu 15 ya sokoni, huwa nikirudi namsomea kila kitu na bei yake, siku hiyo ikapungua mia tano kwa sababu nilimnunulia mtoto ubuyu nikasahau kuitaja. Alininunia siku tisa. Akiingia anamsalimia mtoto, anamsalimia hadi dada wa kazi, mimi ananipita kama stuli. Nikipakua chakula anakiangalia tu, anatoka, anarudi na chipsi mayai anakula mbele yetu. Siku ya tisa nikapiga magoti nikaomba msamaha, akacheka, akasema "sa ilikuwa shida gani kusema ukweli toka mwanzo", kesho yake akaniletea doti ya kanga na kuku wa kuchoma na Somo nilifurahi mpaka nikalia. Zamani nilikuwa nashona, cherehani nilitoka nayo kwetu, akasema hao wanaume wanaokuja kupimwa suruali wanakuja kufuata nini, akaiuza. Namba ya siri ya simu yangu anayo, ya kwake siijui. Akikasirika ananiambia bila mimi ungekuwa unauza vitumbua kwenu Kilwa. Sa hivi nikisikia pikipiki yake inakata kona naanza kukagua nyumba, TV nazima, watoto nawaambia kaeni vizuri, tumbo linanikata kabisa. Je, haya ni manyanyaso au mimi ndo mwepesi wa moyo? Na nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimekwama palepale, kwenye pikipiki inayokata kona. Mtu anayekagua nyumba yake mwenyewe kama mwalimu mkuu anayesubiri mkaguzi hana wepesi wa moyo wowote, mwili wake umeshajua jambo ambalo kichwa bado kinaendelea kulitetea. Ndiyo, ni manyanyaso.

Mi ndoa siipimi kwa kelele. Hapa mtaani kwetu Temeke kuna mtu na mkewe wanafokeana mpaka kuku wanaruka uani, juzi mama kamwambia baba mbele za watu "leo sipiki, nimechoka, kanunue mihogo", baba kalalamika weee, kaenda, kanunua mihogo, wamekula wote na usingizi wamelala. Pale hamna anayemuogopa mwenzake. Kwako nyumba imetulia tuli, majirani wanaisifia, lakini hebu niambie mara ya mwisho umemwambia "hapana" ilikuwa lini, na ilikugharimu siku ngapi? Kama hapana yako ina bei na bei yenyewe unaijua kwa siku, hapo ndo pa kuangalia, mengine yote ni matawi.

Sasa kununa. Kila mtu ananuna jamani, mi mwenyewe nilikuwa bingwa, marehemu mume wangu alikuwa anasema nikivuta mdomo unafika Kigamboni kabla ya pantoni. Lakini mwenye hasira ya kawaida ukimuuliza atakwambia, au atakwambia niache kwanza, afu inapoa yenyewe kwa sababu hakuna aliyekuwa anaisimamia. Huyu wako anaisimamia. Mtoto anasalimiwa, dada anasalimiwa, yani anakuonyesha mdomo unafanya kazi vizuri, kwako tu ndo umefungwa, na utafunguliwa ukipiga magoti. Na wala usidhani ni mia tano. Chipsi mayai za siku tisa ni shilingi ngapi? Mtu anayelilia mia tano hawezi kutumia hela yote ile kukuonyesha amekasirika.

Afu akaja na kuku. Watu wa pwani tunasema panya anauma huku anapuliza, ukija kushtuka kidole hakipo. Kule Marekani mwanasaikolojia mmoja, Lenore Walker, alihoji wanawake wengi waliokuwa wanapigwa, na mwaka 1979 akaandika kuhusu mzunguko wao: hewa inakuwa nzito ndani ya nyumba, inafuata dhoruba, halafu inakuja fungate, mwanaume anakuwa mtamu kuliko siku ya harusi. Yeye alikuwa anazungumzia kipigo cha mkono ila wewe utaona mwendo ni uleule, kwako dhoruba haina sauti, basi. Na ile furaha yako mpaka ukalia, mwanangu, samahani nikikwambia hivi, ule ulikuwa ni unafuu. Aliyeshikiliwa kichwa ndani ya maji akiachiwa anafurahi kweli kuvuta pumzi, na aliyemwachia ndiye yuleyule aliyemshika. Ndo maana watu wa namna hii ni wagumu kuwaacha kuliko mkorofi wa kila siku, mkorofi wa kila siku hakupi cha kumsubiria.

Nataka pia nikiri kitu. Mimi nimefunda mabinti toka niko Tanga, miaka inazidi 30 sasa, na nimewaambia wengi sana "mume akiwa moto wewe kuwa maji" na "ya ndani yaishie ndani". Kwa ugomvi wa jioni moja ni maneno mazuri, bado nayasema. Lakini nilikuwa nayatoa bila mpaka, sikuwa nawaambia maji ni mpaka lini, na wapo waliokaa maji miaka 20 wakakauka kabisa. Mama yako naye kafundwa hivyohivyo, usimchukie, kwake ndoa mbaya ni ile inayoacha alama usoni.

Sheria yenyewe haikuwa na mawazo hayo hata hiyo zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndo tunayo mpaka leo, kifungu cha 107 kinataja ukatili wa kiakili sawa na wa kimwili kati ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyaangalia kuona kama ndoa imevunjika. Na kifungu cha 58 kinasema kufunga ndoa hakubadilishi mali kuwa ya mwingine, kwa hiyo cherehani uliyotoka nayo kwenu ilibaki kuwa yako, kakuuzia mali yako. Na usidanganywe kwamba kwa sababu hela ni yake wewe huna kitu, toka mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seifu ilishasema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sikwambii ukadai talaka kesho, nakwambia ili ukisikia "ungekuwa unauza vitumbua" ujue unasikiliza maneno na siyo sheria. Na vitumbua kwani vina nini, nusu ya wanasheria wa mji huu wamesomeshwa na vitumbua.

Ufanyeje. Kwanza tafuta mtu mmoja, mmoja tu asiye na mdomo, umweleze kama ulivyonieleza mimi, bila kumpamba mume wala kumpaka matope, maana siri hii ikikaa kwako peke yako utaendelea kujiuliza kama umechanganyikiwa. Pili cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi zao za kliniki na kitambulisho chako cha NIDA, toa kopi ukaweke kwa huyo mtu, na kama unaweza weka na elfu mbili tatu pale pale kila wiki, nje ya simu, maana simu anaisoma. Meseji hii uliyoniandikia ifute. Tatu, siku ametulia mwambie jambo moja, siyo kumi: "nataka kurudi kushona." Angalia anachofanya. Mume aliyekosea anaweza kubisha, akaenda akafikiri, akarudi na maswali ya mashine itakaa wapi na wateja watapokelewaje. Akianza tena siku tisa umepata jibu. Kuku wengine akileta mle, ila kama kweli anabadilika mi nitaamini nikiona cherehani imerudi ndani.

Watu watakwambia muende wote kwa mshenga au kwa shehe mkakalishwe kitako. Nendeni, lakini wewe tangulia peke yako ukaongee kabla. Mwanamke anayemuogopa mumewe akisema ukweli kwenye kikao, kikao kikiisha anarudi nao nyumbani, na huko ndo anaulizwa vizuri. Ikishindikana kuna ofisi ya Ustawi wa Jamii kwenye halmashauri, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi ambalo linapokea hata asiye na jeraha, na ukifika hatua ya talaka lazima mpitie kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata, BAKWATA au la kanisa. Na hili lishike: siku akikuzuia mlango, akitishia kukuua, au akikushika shingo hata mara moja na hata kwa utani, hapo usisubiri kupanga, chukua watoto uondoke. Shingo haina utani.

Somo, mimi ni baba wa miaka 42, niko Arusha. Nilikuwa dereva wa watalii, 2020 kazi ikakata na tangu hapo napata vibarua tu. Mke wangu ana duka la vipodozi. Ananiita mwanaume suruali mbele ya watoto, wageni wakija anasema "huyu ni mtoto wangu wa kwanza, anasubiri kupakuliwa", akiweka stetasi WhatsApp watu wote wanajua ananisema mimi. Kuna siku alinimwagia maji ya kuoshea vyombo. Nikiwaambia rafiki zangu wanacheka. Je, mwanaume anaweza kunyanyaswa?

Anaweza, na unanyanyaswa, na hao rafiki zako wanaocheka wawili kati yao wanafanyiwa hivyohivyo. Kile kifungu cha 107 nilichokitaja juu hakijasema mwanamke tu, kinamhusu mwanandoa yeyote. Dawati la Jinsia nalo ni lako pia japo najua utaona aibu kuingia, nenda jioni kama aibu inakusumbua.

Ila niruhusu nikutenganishie mambo mawili kwa sababu huwa yanachanganywa. Mke aliyebeba kodi, ada na unga miaka yote hii ana haki ya kuchoka, ana haki ya kukwambia usoni "nimechoka, tafuta chochote ulete", na hata akisema kwa ukali hayo siyo manyanyaso, ni bili. Maji ya vyombo ni kitu kingine. Kukudhalilisha mbele ya watoto ni kitu kingine, na stetasi ndo kabisa, stetasi inatafuta mashahidi. Kuna kidharau fulani kikishaingia kwenye ndoa, kile cha kusonya na kugeuza macho juu, wanaochunguza ndoa kama John Gottman wa Marekani wanakitaja kati ya dalili mbaya kabisa za ndoa inayoelekea kufa, kuliko hata ugomvi wenyewe. Mtu anaweza kugombana na anayemheshimu. Anayemdharau hata hagombani naye, anamchezea.

Kaa naye watoto wakiwa hawapo, sema: shida ya hela naijua na nataka tuipangie, lakini maji na majina mbele ya watoto sitaki tena, ikitokea tena nawachukua watoto tunaenda kwa bibi yao mpaka jioni. Na ikitokea, uende kweli, bila kugomba wala kubamiza mlango. Halafu baba, vyombo hivyo nani anaviosha? Nauliza tu. Kama uko nyumbani mchana kutwa na yeye akitoka dukani saa mbili usiku anakuta beseni limejaa, basi una sehemu yako ya kurekebisha wiki hii hii, na kuirekebisha hakumpi yeye ruhusa ya kukumwagia.

Shikamoo Somo, mi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma mwaka wa pili. Nina boyfriend ananipenda sana ila ananichosha. Anataka niwashe laivu lokesheni muda wote, nikiwa diskasheni lazima nimpigie video nizungushe simu aone waliokaa, paswedi zangu zote anazo, marafiki zangu wawili amewablok kwenye simu yangu. Nikisema tuachane anasema atakunywa sumu na ataniandikia barua mimi. Juzi akaongeza kwamba picha zangu anazo. Nampenda lakini nashindwa hata kusoma. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Sentensi ya kwanza umesema anakupenda sana, halafu yote yaliyofuata hakuna hata moja la kupendwa, ni ya kulindwa kama godauni. Mimi nikiwa binti mtu akikupenda sana alikuwa anakusindikiza, anaishia kwenye mwembe, anarudi. Hakuwa anakuhesabia uliokaa nao.

Kuhusu sumu: usiipuuze na usiibebe. Vitisho vya kujiua vinaweza kuwa vya kweli hata kama vinatumika kukufunga, kwa hiyo akisema tena, palepale mpigie ndugu yake au rafiki yake wa karibu wa chumbani, mwambie amesema hivi na hivi, nendeni mkakae naye. Mwambie na mshauri wa wanafunzi. Mko Dodoma, Mirembe iko hapohapo, na najua mnalitumia jina hilo kutaniana ila ni hospitali ya afya ya akili yenye watu waliosomea kazi hiyo, yeye anawahitaji hao kuliko anavyokuhitaji wewe. Wewe kubaki naye hakumtibu mtu, kunamfundisha kwamba neno sumu linafanya kazi.

Picha: asikutishe nazo ukanywea. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kumtisha na kumnyanyasa mtu kwa njia hiyo ni kosa, na hicho kitisho chake kama kakiandika basi kakuandikia ushahidi mwenyewe. Piga skrinshoti, mtumie mtu unayemuamini azitunze, kwako usiziache. Halafu ndo uanze kubadilisha paswedi, ukitumia simu ya mwenzako siyo yako, uanze na ya barua pepe maana hiyo ndo mlango wa zingine zote, na uangalie kama akaunti yako iko wazi kwenye kifaa kingine. Kumuacha kwenyewe usikufanyie chumbani kwake wala faragha popote. Kantini, mchana, rafiki yako kakaa meza ya pili, maneno matatu, unaondoka. Hao marafiki wawili walioblokiwa watafute leo. Usianze na maelezo marefu, waambie tu nilikuwa nimebanwa, utashangaa wanavyojua tayari.

Somo salaam kutoka Leicester. Nililetwa huku na mume kwa viza ya mwenza, mimi ni wa Unguja. Pasipoti yangu anayo yeye, kadi ya benki anayo yeye, dukani naenda naye. Nikilalamika anasema ukitoka mlango huu unarudishwa kwenu kesho. Ni kweli?

Siyo kweli mdogo wangu, na huo ni uongo unaotumika sana kwa wake walioletwa. Uingereza toka mwisho wa mwaka 2015 kumtawala na kumbana mwenzi kwa mtindo huo ni kosa la jinai lenyewe, hata bila kofi moja, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Sheria yao ya 2021 imetaja mpaka unyanyasaji wa kiuchumi kwa jina. Na mke aliyeingia kwa viza ya mwenza ndoa ikivunjika kwa manyanyaso zipo njia za kuomba kubaki kwa jina lake mwenyewe, zinategemea mume ana hadhi gani huko, kwa hiyo uongee na wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, usimuulize shemeji. Simu ya bure ya kuwasaidia wanaonyanyaswa nyumbani, saa 24, ni 0808 2000 247, ukishapokelewa sema neno "Swahili" watafute mkalimani. Piga kwa simu ya mtu mwingine, hata ya mama mnayekutana naye shule ya watoto. Ukiwa hatarini kabisa ni 999.

Na kwa dada aliyeniuliza swali fupi kutoka Mombasa, ndiyo, Kenya mnayo sheria yenu ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na humo ndani manyanyaso ya kihisia, ya maneno na ya kiuchumi yametajwa waziwazi, unaweza kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Namba yenu ya kuomba msaada ni 1195.

Somo, mimi ndiye yule mume. Siyo wa yule dada, ila uliyoandika mwezi uliopita yananihusu. Niko Mwanza, Nyamanoro. Mke wangu alikata ukurasa wako akaubandika kwenye friji bila kusema kitu. Nilikasirika nikanuna siku mbili, siku ya tatu nikaona nachofanya ndo kilichoandikwa. Baba yangu alikuwa hivyo, anakaa mwezi hamsemeshi mama, sisi watoto ndo tunapeleka ujumbe "baba anasema" "mama anasema". Sitaki wanangu wapeleke ujumbe. Lakini nikikasirika ulimi unaganda kabisa siyo kwamba najifanya. Nifanyeje?

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani. Friji nimeipenda sana, mke wako ana akili, wangu ningeubandika kwenye mto.

Nakuamini ulimi unaganda. Mtu akipandwa na hasira moyo unakimbia, damu inachemka, maneno yanakata, wataalamu wanasema mwili unataka dakika kama 20 au zaidi ushuke, na kulazimisha mazungumzo kabla ya hapo ni kutafuta tusi. Kwa hiyo kunyamaza siyo kosa lako. Kosa ni kwamba unanyamaza bila kumwambia mwenzio unanyamaza mpaka saa ngapi, yeye anakaa gizani anahesabu dhambi zake, na wewe unaona ile kazi anayoifanya ya kukubembeleza na kidogo inakunoga. Sema kweli, haikunogi? Baba yako ilikuwa inamnoga. Ndo maana ilikuwa inafika mwezi.

Muombe msamaha, lakini siyo ule wa "kama nimekukwaza". Taja siku, taja ulichofanya, siku ile ya harusi ya dada yako sikukusemesha njia nzima mpaka tunarudi, mfano, halafu unyamaze umsikilize akisema ilivyokuwa upande wake, na usijitetee hata akitia chumvi. Atatia chumvi kidogo, ana haki. Asipokuamini miezi sita ya kwanza usinune kwa sababu hiyo pia. Watoto waambie kuanzia leo hamna kupeleka ujumbe, baba ana mdomo. Ukipata mtu wa ushauri nasaha hapo Mwanza, kwenye hospitali kubwa wapo, nenda peke yako kwanza ukamtue huyo baba yako.

Na jipatie sentensi moja uikariri kama namba ya simu, maana siku ya hasira hutaweza kutunga. Ukiwa bado umesimama mlangoni: "Nimekasirika, siwezi kuongea sa hivi, natembea mpaka Kirumba, narudi saa mbili tuongee." Na saa mbili uwe umerudi.